Gobori la Babu na Kondoo wa Mamohau

Nianze na kondoo, maana huyo ndiye anayeniuma mpaka leo. Kondoo jike, mweupe, ana doa jeusi sikioni, tena ana mimba. Walimtoa zizini kwa wifi yangu Mamohau kama faini, wakamchinja, wakamla, wakajifuta midomo kwa pindo za mablanketi yao. Mpaka hivi ninavyosema hakuna mwanaume hata mmoja wa ukoo wetu aliyefungua kinywa akasema, "Mama, tulikukosea." Basi nitasema mimi. Anayekasirika na akasirike.

Mimi ndiye shangazi wa ukoo huu, Malitaba. Tulizaliwa watatu. Kaka yetu mkubwa, Phakiso, yuko kaburini mwaka wa tisa sasa. Mimi nikafuata. Kitinda mimba ni Letlatsa, ambaye nilimbeba mgongoni mpaka mgongo ukapinda, na leo ndiye mkuu wa ukoo, anakaa kwenye kiti na kututuma. Mamohau ni mjane wa Phakiso.

Mamohau aliletwa kwetu akiwa na miaka kumi na tisa, kutoka ng'ambo ya mto. Hakuwa mrembo wa kusimamisha farasi, na mdomo hakuwa nao. Mikono tu. Mwanamke huyu amekata nyasi za kuezekea kila majira ya baridi kwa miaka arobaini, mundu mkononi, barafu kwenye vidole vya miguu, akiuza matita barabarani wakati mumewe yuko chini ya ardhi kwenye migodi ya dhahabu. Phakiso alikuwa mtu wa baruti. Kazi yake ilikuwa kujaza mashimo ya mwamba na kuyalipua. Aliirudia nyumba yake baada ya miaka ishirini na miwili akiwa na vidole vitatu mkono wa kushoto na vumbi kifuani. Alikohoa miaka sita, Mamohau akimwinua na kumlaza kama mtoto, halafu akafa.

Katika miaka ile sita mgonjwa hakuwa na cha kufanya ila kuzungumza. Alikuwa anakaa juani, mgongo ukutani, anamsimulia mkewe mambo ya mgodini. Hasa habari ya rafiki yake aliyeingiza chuma kwenye shimo la zamani ambalo kila mtu alisema ni tupu. Halikuwa tupu. "Baruti haifi, mama," Phakiso alikuwa anamwambia. "Baruti inalala. Usiende kuiuliza kama iko macho." Kisha anamfanya arudie. Mimi nilikuwa nawacheka, nasema hawa wanafundishana shule gani hii uzeeni. Mungu anisamehe.

Sasa gobori. Mwaka ule tuliamua kuweka jiwe kwenye kaburi la Mzee Mphaki, baba wa babu yetu, ambaye alikuwa amelala chini ya kokoto tupu miaka yote. Na kwa kuwa wageni wangekuja, tukasema nyumba yake ya msonge iezekwe upya. Kuta za mawe ni zile zile alizojenga mwenyewe, lakini paa lilikuwa limekuwa jeusi na lina panya wengi kuliko watu wa kijiji. Ilikuwa Jumatatu, mwezi wa kumi, na mvua hatukuwa tumeiona tangu Pasaka. Fundi wetu, Ntate Tumo, alikuwa juu anachomoa nyasi kuukuu, Mamohau yuko chini anazipokea.

"Mama!" Tumo akaita. "Kuna kitu huku kwenye boriti. Kama mfupa wa ng'ombe."

"Usitupe!"

Alikuwa ameshatupa. Fundi ni fundi, mkono unatangulia akili. Mamohau akalidaka lile furushi kifuani, ngozi ya ng'ombe iliyokauka ikawa ngumu kama gome, na nikamwona uso unabadilika. Aliujua uzito ule: wa chuma, si wa mfupa. Hakulifungua. Alitembea nalo polepole, ncha ikitazama juu mlimani, mpaka ukuta wa zizi, akalilaza juu ya mawe, akatuambia sisi wanawake, "Rudini nyuma. Nyuma yangu, si mbele. Na watoto waondoke."

Ndipo akakata kamba za lile furushi kwa mundu. Gobori. La zamani, kitako cha mti kimeliwa na wadudu pembeni, mtutu mrefu kuliko mkono wangu mara mbili, nyundo yake imeinama juu ya fataki, kile kikofia cha shaba cha kuwashia baruti, ambayo ilikuwa imeota kutu ya kijani. Tulipiga vigelegele. Kila mtoto wa nyumba yetu anaijua hadithi: serikali ya Wazungu wa Rasi, kule Afrika Kusini, ilipotaka Wabasotho wasalimishe bunduki zao, Mzee Mphaki aliwaambia wajumbe kwamba yeye hana bunduki, ana mbuzi tu. Wakapekua, wakaondoka. Tulidhani ni maneno ya kunogesha pombe. Kumbe lilikuwa juu ya vichwa vyetu, tumelala chini yake vizazi vinne!

Letlatsa alikuja mbio, blanketi limemteremka bega moja. "Liko wapi? Liko wapi gobori la babu?" Akalibeba lote, akaligeuza huku na huku, mtutu ukapita tumboni kwangu, ukapita kwa Tumo juu ya ngazi, na kabla hatujasema lolote akauleta ule mlomo usoni pake, akaweka jicho. Eti aone kama ndani ni safi!

Mamohau akaupiga mtutu ule kwa kiganja, ukaenda juu.

"Shemeji! Una haraka gani ya kuonana na babu?"

Watu wakacheka. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana Letlatsa anaweza kuvumilia njaa, baridi na deni la kanisa, lakini kuchekwa hawezi.

"Mwanamke," akasema, "umegusa silaha ya mkweo. Na umenipiga."

"Nimepiga chuma. Sikukupiga wewe. Liweke pale, shemeji, nakuomba. Mtutu utazame mlima. Lina kitu ndani."

"Lina kitu gani? Miaka mia na zaidi! Hata nyoka angekuwa amekufa."

Mamohau hakubishana. Letlatsa alipolirudisha gobori juu ya ukuta, yeye alichomoa utete mmoja mrefu, mnyoofu, kwenye zile nyasi za paa. Akasimama ubavuni, si mbele, akautumbukiza ndani ya mtutu taratibu mpaka ukagota, akaubana kwa kidole pale mlomoni, akauchomoa. Kisha akaulaza nje, juu ya mtutu, kidole kikiwa kwenye mlomo. Utete haukufika mwisho. Ulikomea mbali, kiganja kizima na vidole viwili kabla ya pale nyundo inapopiga.

"Hapa," akasema akionyesha ile sehemu iliyobaki, "kumekaa nini?"

Mwenye macho haambiwi tazama. Mimi niliona. Tumo aliona, akashuka kwenye ngazi bila kuambiwa.

"Nyigu," akasema Letlatsa. "Nyigu wa udongo wamejenga humo. Au kutu."

"Shemeji, mzee alilificha akijua kesho yake huenda akapigana. Nani anaficha bunduki tupu siku ya vita? Tuite polisi. Wana fundi wao wa silaha."

"Polisi! Wazungu walishindwa kulichukua, wewe ndiye unataka uwape?" Akalitia kwapani, akaenda nalo ndani ya nyumba ya Mzee Mphaki, akalilaza upande wa nyuma kwenye ngozi ya mbuzi. Mtutu ukitazama mlango.

Hapo nieleze kidogo, maana jambo lote liko hapo. Kwenye ukoo wetu silaha ya mzee ikirudi nyumbani hupokewa kama mtu. Inalazwa nyuma ndani ya nyumba, ncha ikitazama mlango, adui akiingia aione kwanza. Siku ya karamu mtoto mdogo kuliko wote wa ukoo anaingia na kibuyu cha pombe ya mtama, anapiga magoti mbele ya ile ncha, anamimina chini kidogo. Mkuu wa ukoo anaitikisa silaha. Basi, mzee aliyekufa anajua nyumba yake bado ina watu. Ni desturi nzuri, siikatai, nimeiona mara mbili utotoni. Lakini ilitungwa kwa ajili ya mikuki! Mkuki ukiulaza, umelala. Na gobori mtu analitikisaje? Letlatsa alikuwa na jibu lake: atavuta nyundo nyuma afyatue mara moja, ka! Babu asikie sauti yake.

Na mtoto mdogo kuliko wote wa ukoo alikuwa nani? Keneuoe. Ana miaka minne. Mjukuu wa Mamohau. Baba yake yuko kwenye mashamba ya matufaha huko Rasi, mama yake anashona suruali kiwandani Maseru, mtoto analala kwenye blanketi moja na bibi yake.

Jumanne Mamohau alikwenda kwa Letlatsa akapiga magoti. Nilikuwepo. "Shemeji, fanya yote, lakini geuza mtutu utazame ukuta wa nyuma. Au usifyatue. Au nipe mtoto wangu."

"Mtoto wa nani?" akajibu. "Mtoto ni wa ukoo. Wewe ulikuja na sanduku."

Maneno gani hayo kumwambia mtu aliyemwosha kaka yako kinyesi miaka sita! Halafu unajua nilifanya nini? Nilimwuliza Letlatsa kama sukari ya karamu imeshanunuliwa.

Alhamisi alfajiri Mamohau alikwenda kisimani kama kawaida. Aliporudi, akaingia nyumba ya Mzee Mphaki na maji ya sabuni kwenye kikombe cha bati cha Keneuoe, kile cha buluu. Alinisimulia mwenyewe baadaye. Alikaa ubavuni. Akauelekeza mtutu kwenye ukuta wa nyuma, ule uliochimbiwa mlimani, ambao nyuma yake hamna ila mwamba. Akaiangalia fataki: imeng'ang'ania, imekuwa kitu kimoja na chuma. Hakuilazimisha. Phakiso alimwambia kitu kisichotaka kutoka usikitoe. Nyundo hakuigusa. Akauinua mlomo wa mtutu juu pembeni mwake, uso ameugeuza, akamimina kidogo kidogo mpaka maji yakasimama mlomoni. Akasubiri. Yakashuka kidogo. Akaongeza. Kikombe chote kikaisha. Akalilaza kama lilivyokuwa, kitambaa amekikunja mlomoni maji yasimwagike.

Wakati anatoka na kikombe akakutana na Mapalesa, mke wa Letlatsa.

Ijumaa wakamshtaki. Baraza la ukoo, kando ya zizi, wanaume kumi na mmoja wamekaa juu ya mawe, fimbo katikati ya magoti. Mamohau amekaa chini kwenye vumbi, miguu ameikunja, shuka begani kama inavyompasa mkwe. Letlatsa ndiye mshtaki, Letlatsa ndiye hakimu. Wewe umesikia wapi?

"Mashtaka ni matatu," akasema. "Moja, mkwe kugusa silaha ya baba mkwe. Mbili, kumpiga shemeji mkono mbele ya mafundi. Tatu," na hapa sauti ikapanda, "kumwogesha babu yetu kwa maji ya sabuni ya sahani!"

"Aah!" wakasema wale wazee. Mmoja akatema mate.

"Una la kusema?"

"Ninalo," akasema Mamohau, macho chini. "Mtu akikuta shimo asilolijua, anasema lina kitu mpaka lithibitishwe. Hasemi ni tupu mpaka limuue. Mume wangu alinifundisha hivyo, na alilipa vidole viwili kujifunza. Nyinyi mnamjua Phakiso. Angekuwa hai, leo mngekuwa mmekaa hapa mnanihukumu mimi, au mngekuwa mmekaa nyuma ya ule ukuta anawakemea?"

Nikawaona wawili wanatazamana. Nilidhani sasa wataelewa. Letlatsa akaliona hilo pia, akanigeukia upesi.

"Dada. Wewe ndiye shangazi wa ukoo. Una neno?"

Shangazi kwetu ana nguvu. Neno la shangazi linaweza kuvunja ndoa, linaweza kusimamisha mazishi. Na mimi niliuona ule utete. Niliona ulipokomea. Lakini jiwe la kaburi lilikuwa limeshafika kwa gari, pombe imeshaiva, watu wameshaanza kuja kwa farasi kutoka vijiji vya juu, nikaona haya kuharibu shughuli.

"Sina neno," nikasema.

Sijalala vizuri tangu siku ile, na sistahili.

Wakamtoza kondoo mmoja, wakamchagua wenyewe, yule mwenye mimba. Wakamwambia asiingie kwenye nyumba ya Mzee Mphaki mpaka karamu iishe. Letlatsa akaingia ndani, akalipindua gobori, maji yakachuruzika sakafuni, akalifuta kwa nje, akalipaka mafuta ya kondoo mpaka likang'aa. Akalilaza tena. Mtutu mlangoni.

Jumamosi. Jiwe likafunuliwa, watu wakaimba, nyama ikachemka. Mamohau alikuwa jikoni nje anasonga uji mzito wa mahindi kwenye sufuria la wageni mia, jasho linamtoka. Mimi nikaenda kujifanya naonja chumvi.

"Wifi," akaniambia bila kunitazama, "sijui kama maji yalifika. Risasi imekaa juu ya baruti kama kizibo. Nilimimina, lakini chini sioni. Na lile alilipindua jana."

"Yatakuwa yamefika."

"Unajua, au unanibembeleza?"

Nikasikia wanamwita mtoto.

Nyumba ilijaa. Wanaume ukutani kushoto, sisi wanawake wa ukoo kulia, katikati wazi mpaka mlangoni. Keneuoe akaingia na kibuyu mikono miwili, ulimi nje kwa bidii asimwage, amevaa kiblanketi kipya. Akapiga magoti. Uso wake na ule mlomo wa mtutu vilikuwa vinatazamana, hatua tatu tu. Akamimina. Watu wakasema, "Mzee Mphaki, pokea!" Letlatsa akainama, akashika nyundo kwa kidole gumba, akaivuta. Ilikuwa ngumu. Ikalia krrk.

Ndipo mlango ukawa giza. Mamohau. Mwiko wa uji bado mkononi. Alipita katikati ya watu kama mtu asiyetuona, akapiga magoti, mgongo kwenye gobori, akamkumbatia mjukuu wake kifuani, akamfunika na shuka lake mpaka miguuni. Hakupiga kelele. Alisema neno moja tu, "Haya."

"Toka!" Letlatsa akafoka.

"Haya, shemeji. Fyatua. Si ni tupu?"

Angeweza kuacha. Nasema tena, ndugu yangu wa damu angeweza kuacha! Lakini watu mia walikuwa wanamtazama. Akafyatua.

TA!

Fataki ilikuwa hai. Cheche ikaruka, moshi mdogo wa buluu, harufu ya kiberiti ikajaa nyumba. Nilipiga yowe. Wazee wakaanguka juu ya wenzao. Halafu hakuna kitu. Mamohau alikuwa amefumba macho, mtoto bado kifuani.

Na wale watu wakacheka! Haki ya Mungu wakacheka! "Babu ametusalimia!" Letlatsa akapaza sauti, mikono juu. "Mmemsikia? Ametusalimia!" Vigelegele. Kisha akamtazama wifi yangu pale chini. "Umeona sasa? Tupu. Na umeingia mahali ulipokatazwa. Kondoo wawili."

Mamohau akainuka, akambeba mtoto, akarudi kwenye sufuria lake, maana uji ulikuwa unaungua.

Jumapili nilipiga simu polisi. Ndiyo, mimi. Mtu anayetafuta msaliti wa ukoo asihangaike kutafuta. Jumanne akaja sajini mmoja mtu mzima, Khoarai, fundi wa silaha. Alipoingia tu na kuona lile gobori limelala linatazama mlango, hakupita katikati. Alipita kwa kuambaa ukutani. Akalibeba mwenyewe, mtutu juu, akalipeleka kwenye ukuta wa zizi, akauelekeza mlimani, akasema, "Nyuma yangu wote." Kisha akatoa fimbo nyembamba ya mti, akaitia kwenye mtutu mpaka ikagota, akaichomoa, akailaza juu.

Niliwatazama wanaume wa ukoo wangu. Walitazama viatu vyao.

Ilimchukua muda mrefu. Alimimina mafuta, akasubiri, akaingiza waya uliosokotwa mfano wa mzizi. Kwanza kikatoka kitambaa kilichooza. Kisha risasi, duara, nzito, kubwa kama ncha ya kidole gumba changu. Kisha akagonga mtutu juu ya sahani, ikadondoka baruti. Tope jeusi. Akalisugua kwenye vidole, akanusa.

"Ya kutosha kuangusha farasi," akasema. "Fataki imeshapigwa. Nani aliifyatua?"

Letlatsa akajishughulisha na pini ya blanketi lake.

"Sabuni," akasema sajini akinusa tena. "Kuna mtu alitia maji ya sabuni humu. Bora angeniita mimi, haya si mambo ya kujaribu nyumbani. Lakini bila maji haya, hii fataki ingeiwasha baruti, na aliyekuwa mbele ya mtutu angekuwa kaburini."

"Mvua," akasema Letlatsa. "Paa lilikuwa wazi. Mvua imeingia."

Nikapasuka. "Mvua ipi, Letlatsa? Mvua ipi? Tangu Pasaka tone hatujaliona, ng'ombe wanalamba mawe! Na mvua ya wapi inanyesha na sabuni?"

"Basi ni babu," akasema, na akavua kofia yake ya ukindu kabisa, uso wa ibada. "Babu ametulinda. Kwa kuwa tulimpa heshima yake."

Na wakaitikia! Wakasema, "Kweli, kweli, babu ametulinda," wakaagiza pombe iliyobaki. Mamohau alikuwa amesimama nyuma ya mishubiri na Keneuoe mgongoni. Mtoto akasema kwa sauti ya kusikika kijiji kizima, "Bibi, ni kikombe changu!" Hakuna aliyegeuka. Shukrani ya punda ni mateke, sawa. Lakini hata punda hula nyasi zake mwenyewe. Hawa walikuwa wamekula kondoo wa mtu na mwana-kondoo wake tumboni.

Nilikwenda kwake jioni ile. Nikamwambia, "Wifi, siku ile waliponiuliza, nilikuwa na neno."

"Najua," akasema. "Nilikuona ukilimeza." Akanipa kigoda, akanipa chai. Hajanitoza faini. Afadhali angenitoza.

Gobori sajini aliliacha, amelitia kizibo cha risasi iliyoyeyushwa, haliwezi tena kuua hata nyigu, na karatasi yake ya polisi iko kwa Letlatsa. Liko kwenye nyumba ya Mzee Mphaki, kwenye ngozi ya mbuzi, linatazama mlango. Mamohau akiingia mle kufagia, hakatizi mbele ya ule mtutu. Huambaa ukutani, akageuka, akarudi vile vile ukutani. Nami hivyo hivyo. Vijana wanatucheka, wanasema hawa bibi bado wanaogopa chuma kilichokufa. Letlatsa ndiye anayecheka kuliko wote.

Juzi nilikuwa nimekaa nje kwenye kivuli cha zizi, napembua maharage. Letlatsa akaja peke yake kuchukua hatamu za farasi zilizotundikwa mle ndani. Hakuniona. Akasimama mlangoni. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Kisha mkuu wa ukoo wetu akakunja blanketi lake, akajibana ukutani, akaambaa pole pole kwa ubavu mpaka mwisho.

Yule kondoo wa pili walimchukua Alhamisi.